Maneno Tuliyopeana Kwenye Baraza la Vidonda

Kama una kidonda kisichotaka kupona, na umekaa mahali unangoja jina lako liitwe, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si mganga. Sijui kwa nini kidonda cha mtu mmoja hufunga upesi na cha mwenzake kikaendelea kula mpaka karibu na mfupa. Ninachokijua mimi ni kungoja. Na najua kidogo namna ya kukaa na neno jema mkononi wakati unangoja.

Mguu wangu wa kushoto umefunga sasa. Ni mwembamba kuliko mwenzake, kifundo hakikunji sawasawa, na ngozi ya mbele inang'aa kama ganda la kitunguu. Lakini ni mguu, na nausimamia.

Naitwa Agata. Kwetu ni Mgeta, upande wa juu, kwenye mashamba yaliyoegemea mlima. Kusoma na kuandika nilifundishwa na masista wa misheni kabla sijaolewa. Mume wangu Benedikto alitoka bonde la pili akaja kuishi kwetu, kama ilivyo desturi ya Waluguru wengi, na tulikuwa na binti mmoja, Roza, ambaye wakati huo ndiyo kwanza meno yake ya mbele yalikuwa yanang'oka.

Ilianza wakati wa vuli. Tulikuwa tunatengeneza matuta ya maharage, udongo umelowa, jembe likateleza kwenye jiwe na kunikwangua muundi wa mguu wa kushoto. Damu ilitoka kidogo tu. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kulima. Baada ya siku chache kidonda kilijifunga juu, nikakisahau, kumbe chini kilikuwa kinaoza. Kilipofunguka tena kilikuwa kimepanuka, na kingo zake zimekuwa ngumu na nyeusi.

Mama yangu alinitwangia majani. Mjomba wangu Mloka, kaka mkubwa wa mama na msemaji wa ukoo wetu, alimwita mganga wa ng'ambo ya kilima, mtu mwema aliyenihudumia kwa bidii. Haikusaidia. Kufika Krismasi kidonda kilikuwa kipana kama kiganja changu, na kilikuwa na harufu. Nitasema wazi juu ya harufu, maana watu wengi huificha, na mwenye kidonda hubaki akidhani ni yeye peke yake. Harufu ilikuwa inafika mlangoni kabla yangu. Kanisani nilikaa nyuma, kisha nikakaa nje, kisha nikaacha kwenda.

Jioni moja Roza alikunja mkeka wake, akaniambia, "Mama, leo nalala kwa bibi. Unanuka."

Hakusema kwa ubaya. Watoto husema kilichopo. Lakini neno lile liliingia ndani likakaa, na tangu hapo nilianza kuelewa kwamba maneno hukaa mwilini mwa mgonjwa kuliko yanavyokaa kwa mtu mwenye afya. Mwenye afya husikia maneno mengi, yakapita. Mgonjwa husikia neno moja, akalala nalo, akaamka nalo.

Kesho yake nilikataa chakula. Mama aliweka bakuli la ugali na mboga ya maboga mbele yangu, akachuchumaa. Nilikuwa nalia, nikamwambia sina hamu.

"Kula kwanza," akasema. "Kulia utalia ukishashiba."

Nilimtazama nikadhani ananikejeli. Alikuwa amekaza uso kabisa. Nikala. Kisha nikalia kama alivyoniruhusu, lakini sikulia sana, tumbo lilikuwa limejaa na usingizi ukanichukua. Hilo ndilo neno la kwanza jema nililoliweka. Silo neno la kitabuni, wala si neno la hekima kubwa. Ni mama aliyechoka akisema na mwanawe. Lakini kwa siku nyingi baadaye, kila bakuli lilipowekwa mbele yangu, nililisikia, nikanyoosha mkono.

*

Benedikto ndiye aliyesema tuteremke Morogoro, kwenye nyumba ya wagonjwa iliyoko karibu na reli, ambako daktari wa Kijerumani alikuwa akitibu vidonda. Mjomba alikataa. Alikuja nyumbani asubuhi, akakataa hata kiti.

"Mkwe," alimwambia Benedikto, "wewe ni mume wa mtoto wetu, tunakuheshimu. Lakini mguu wa mtoto wetu hauamuliwi na mkwe. Kule wanakata. Nimewaona watu waliokatwa. Mwanamke wa mlimani bila mguu ataishi vipi?"

Mume wangu hakumjibu. Aliinama akaendelea kukaza kamba za machela aliyokuwa ameitengeneza kwa shuka nene na mti wa mwanzi. Kwetu mkwe akijibizana na mjomba wa mkewe anaweza kufukuzwa arudi kwao, kwa hiyo kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo ujasiri wote aliokuwa nao. Mama ndiye aliyevunja kimya. Alimwambia kaka yake, "Wewe baki unasema." Kisha akatugeukia sisi, "Nyinyi nendeni, jua linapanda."

Tukaondoka, Benedikto mbele na mdogo wangu Pius nyuma, mimi katikati nimening'inia kama mzigo wa viazi. Njia ya kushuka Mgeta unaijua kama umewahi kuipita: kona, mawe, kijito, kona tena. Niliona migongo yao inavyolowa jasho. Kila walipoteleza nilisema, "Nisameheni." Walipopumzika nikasema, "Nisameheni." Tulipofika karibu na Mlali Benedikto aliweka mti begani upya, akageuza shingo.

"Mama Roza, nyamaza. Ukiomba radhi unazidi kuwa mzito."

Pius alicheka mpaka tukalazimika kutua chini. Mimi pia nikacheka, mara ya kwanza tangu kidonda kifunguke. Tulilala kwa rafiki wa Pius, na siku ya pili tukapita Mzumbe kwenye majani marefu, mchana tukasikia gari moshi linapiga honi, na hapo nikajua tumefika.

*

Nyumba ya wagonjwa ilikuwa na vyumba viwili virefu na baraza pana upande wa mashariki. Vyumba nilivijua kwa kulala. Maisha yenyewe yalikuwa barazani. Asubuhi wote wenye vidonda tulikaa pale, miguu imenyooshwa kwenye vigoda, tunangoja kufunguliwa, kuoshwa na kufungwa upya.

Nikueleze kufunguliwa kunavyokuwa, ili usiogope kwa kutojua. Kitambaa cha jana kimegandamana na nyama. Mfunga vidonda, kijana wa Kimanyema aliyeitwa Mabruki, alikuwa akikilowesha kwa maji ya uvuguvugu, kisha anangoja, kisha anakibandua polepole. Ukimwomba aloweshe tena, analowesha tena. Usione haya kuomba. Baada ya hapo mguu unaingizwa kwenye beseni la maji yenye dawa ya zambarau, na maji yale huchoma, lakini kwa muda tu. Halafu unga wa njano, wenye harufu kali ambayo mpaka leo nikiifikiria naionja kinywani. Nilishukuru harufu ile. Iliifunika yangu.

Siku ya kwanza Bwana Daktari aliinama akautazama mguu wangu kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani, akisema Kiswahili polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Kama mfupa umeoza, tutakata," akasema.

"Umeoza?" Benedikto aliuliza.

"Sijui bado."

Nilichukia jibu lile. Nilitaka aseme ndiyo au hapana. Usiku na mchana nikalitafuna: sijui bado, sijui bado. Ilipita muda kabla sijaliona jinsi lilivyo. Mtu yule angeweza kunidanganya ili anitulize, au kunitisha ili nitii. Hakufanya hivyo. Na lile "bado" lilikuwa mlango ambao haujafungwa. Ndani ya "bado" mguu wangu ulikuwa wangu. Nikaanza kuamka nikijiambia, leo pia ni bado.

Benedikto alikaa nami majuma kadhaa, akipika chini ya mti nyuma ya nyumba pamoja na jamaa wa wagonjwa wengine. Kisha ikabidi arudi kuangalia shamba na mtoto. Kabla ya kuondoka alinichotea maji, akaliweka buyu karibu, akaenda. Nilimtazama mpaka alipopinda penye miembe ya njia ya Mzumbe, na nikaona kwamba begani, mahali pa mti wa machela, palikuwa pamebaki alama.

*

Aliyenifungulia mambo ya maneno alikuwa Bi Zuhura. Alikuwa mwanamke wa mjini, Mwislamu, muuza vitumbua, aliyemwagikiwa na mafuta ya moto mkono mzima kuanzia bega. Umri wake ulikuwa wa mama yangu. Asubuhi moja Mabruki alikuwa anamfungua, na badala ya kupiga kelele kama sisi, Bi Zuhura alikuwa ananong'ona kitu na kutabasamu.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia alipomaliza. "Ulikuwa unasali?"

"Marahaba, mwanangu. Kusali nimeshasali alfajiri. Hapa nilikuwa namsikiliza marehemu mume wangu."

Akanieleza. Yeye alikuwa mwepesi wa hasira, na mumewe alikuwa fundi cherehani mpole. Kila alipowaka, mumewe alimwambia, "Zuhura, usizimalize zote leo. Bakiza za kesho." Na ilikuwa haiwezekani kuendelea kukasirika baada ya kuambiwa vile.

"Sasa na maumivu nafanya hivyohivyo," akasema. "Mabruki akivuta kitambaa, najiambia, Zuhura, usiyamalize yote leo. Basi nayapunguza, nabakiza. Wewe huna neno la mtu?"

Nikamwambia la mama yangu, kula kwanza. Bi Zuhura alicheka akipiga paja kwa mkono usio na kidonda. "Hilo nitaliazima," akasema. Kesho yake akalitumia kwa mwanamume mmoja aliyesusa uji, na yule mwanamume akanywa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kabla Mabruki hajaja na beseni lake, mmoja wetu alitoa neno, moja tu, ambalo aliwahi kuambiwa na mtu wake. Hatukutaka maneno ya wakubwa. Padre alikuwa akija Jumapili na kutusomea, na mwalimu wa Kurani alikuja kwa Waislamu, na hayo yalikuwa na mahali pake, mahali pa juu. Lakini kwa kitambaa kilichoganda tulitaka kitu kidogo, kilichosemwa na mtu tunayejua sauti yake, kinachoweza kushikwa kama mtu anavyoshika ukingo wa kiti.

Mzee Feruzi alikuwa na neno lililonisaidia kuliko yote. Huyu zamani alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya misafara kutoka pwani kwenda bara kabla reli haijajengwa, na nyayo zake zilikuwa zimekula njia hizo mpaka zikapasuka na kuingia ugonjwa. Alisema safari yake ya kwanza alikuwa kijana, na walipoiona milima ya Usagara mbele yao alitua mzigo akalia. Kiongozi wa msafara alimpita, akamwambia bila kusimama, "Usiutazame mlima. Tazama kisigino cha aliye mbele yako."

"Nikatazama kisigino," Mzee Feruzi akasema. "Kilikuwa kisigino kibaya kweli, kina magaga. Nilikitazama mpaka tukafika ng'ambo."

Tangu siku hiyo niliacha kuhesabu lini nitapona. Kisigino changu kilikuwa uji wa asubuhi. Kisha beseni. Kisha kitambaa kipya, cheupe, mguu umetulia, na lile doa la jua linalotambaa barazani hadi kunifikia magotini. Ukitaka kujua raha ya mgonjwa, ni hiyo: kidonda kimefungwa upya na jua liko magotini.

Masika ilipoingia Mzee Feruzi alianza homa. Mvua ilikuwa inapiga bati mchana kutwa, na milima yetu haikuonekana, ilikuwa mawingu matupu. Alikufa mchana, baada ya chakula, Bi Zuhura akimpepea na mimi nimeshika kikombe. Hakusema neno lolote la mwisho. Aliomba maji, akanywa kidogo, akalala. Asubuhi iliyofuata tulikaa barazani na hakuna aliyetoa neno. Mabruki alikuja na beseni, akatutazama, akatungoja. Mwishowe Bi Zuhura akasema, "Basi leo tunyamaze wote. Nako ni kumkumbuka." Akaanza kufungua kitambaa chake mwenyewe.

Naandika haya ili usije ukadhani maneno yanaponya. Hayakumponya Mzee Feruzi. Hata la Roza halikuondoka. Mvua iliponyesha nilikuwa nalisikia tena, unanuka, unanuka, na hakuna neno jema lililolifukuza. Nilichojifunza ni kuyaacha yakae pamoja. Neno baya lina kiti chake, jema lina kiti chake, na asubuhi wewe ndiye unayechagua utazungumza na nani kwanza.

*

Mwisho wa masika Bwana Daktari alisema wakati umefika. Angenilaza kwa dawa ya usingizi, akwangue nyama iliyokufa, auone mfupa kwa macho yake. Kama mfupa ni mzima, angechukua ngozi nyembamba kutoka pajani kwangu na kuitandika juu ya kidonda. Kama umeoza, angekata chini ya goti siku hiyohiyo. Aliniuliza kama nakubali. Nikaomba anipe nafasi niwaite watu wangu.

Benedikto alikuja, na nyuma yake, kwa mshangao wangu, alikuwa Mjomba Mloka, amelowa matope mpaka mapajani, fimbo mkononi. Tangu tuondoke alikuwa akisema huko nyumbani kwamba mkwe amewatupia Wazungu mtoto wa ukoo. Benedikto alikuwa amekonda. Niliona kwamba wameteremka mlima wote bila kusemeshana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwangu. Nimekuja kukuchukua."

Watu wote wa barazani wakajidai wanatazama kwingine.

"Mjomba," nikasema, "mguu huu ni wa ukoo, sikatai. Mmeulisha nyinyi. Lakini maumivu nayapata peke yangu. Naomba hapo kwenye maumivu niamue mwenyewe."

Benedikto alikuwa anatazama chini. Mjomba alikaa kwenye ukingo wa baraza, mgongo ametugeuzia. Bi Zuhura akatoa sahani ya vitumbua alivyoletewa na binti yake, akamsogezea.

"Karibu, kaka. Vina iliki. Hapa ukila kitumbua unalipa neno."

"Neno gani?"

"Neno uliloambiwa na mtu wako, ukalipenda. Ndiyo kodi yetu."

Nilijua atakataa. Mjomba si mtu wa michezo. Alichukua kitumbua, akakila taratibu, akafuta vidole kwenye nyasi. Uso wake una makovu ya ndui tangu utoto, mashimo madogo kutoka paji hadi kidevuni, na sisi watoto wa dada zake tulikatazwa kuyatazama.

"Nilikuwa mdogo nilipougua ndui," akasema, bado ametugeuzia mgongo. "Mwasho wake hamuujui. Mikono yangu walinifunga kwa majani ya mgomba nisijikune, nikapiga kelele siku nzima. Mama akaja akanifungua. Akaweka mkono wake mbele yangu, huu, wa kushoto. Akasema, 'Usijikune wewe. Nikune mimi.'"

Bi Zuhura akaweka sahani chini.

"Nikamkuna," Mjomba akasema. "Mpaka damu. Hakuutoa mkono."

Nilimkumbuka bibi yangu. Nilikumbuka mkono wake wa kushoto wenye michirizi mirefu, ambayo siku zote nilidhani ni ya miiba ya shambani. Nilishikwa na kilio, nikajizuia, kwa sababu Mjomba alikuwa amegeuka sasa na macho yake yalikuwa yamelowa, na sikutaka kumwonesha kwamba nimeyaona.

Alimtazama Benedikto. "Mkwe," akasema, "huyu atalazwa lini?"

"Kesho asubuhi, mjomba. Akikubali."

"Ameshakubali. Tafuta mahali tulale."

*

Asubuhi walinifunika pua kwa kitambaa chenye harufu tamu ya kuchefua. Nilisikia Bwana Daktari anasema kitu kwa lugha yao, kisha sikusikia tena.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichofanya ni kupeleka mkono chini. Sikufika, Benedikto aliushika njiani.

"Upo," akasema. "Mama Roza, mguu upo."

Mfupa ulikuwa mzima. Paja ndilo lililokuwa linawaka moto, pale walipochuna ngozi, na kwa majuma kadhaa paja liliuma kuliko kidonda chenyewe. Nalo hilo usishtuke likikupata. Siku walipofungua kitambaa mara ya kwanza, ngozi ya kupandikiza ilikuwa kama vipande vya karatasi iliyolowa, vingine vya rangi ya waridi, vingine vimekufa. Bwana Daktari aliviondoa vilivyokufa kwa koleo dogo, akanionesha vilivyoshika. "Hiki. Hiki. Na hiki," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

Kipupwe chote kilikuwa cha kujifunza kusimama. Mguu ulikuwa umekonda kama wa mtoto, na kila nilipoushusha damu ilishuka kwa kishindo, nikaona nyota. Mjomba alikaa mpaka alipohakikisha nasimama. Alinichongea fimbo, akaipima urefu kwa kunisimamisha ukutani. Kabla hajaondoka nilimwona na Benedikto wanagawana kiazi kimoja cha kuchoma, wamekaa kimya, lakini kilikuwa kimya cha aina nyingine.

Nilirudi Mgeta kabla ya vuli, kwa kutembea kidogo na kubebwa zaidi. Roza alisimama mlangoni bila kunikimbilia. Meno yake mapya yalikuwa yameota, makubwa kuliko uso wake. Alikaa mbali nami kwa siku kadhaa, na sikumlazimisha. Kisha siku moja nimekaa uani, alikuja akachuchumaa, akagusa ile ngozi inayong'aa kwa ncha ya kidole.

"Inauma?"

"Hapo haina hisia hata kidogo."

"Na hapa?"

"Hapo nakusikia."

Akaendelea kuuliza, hapa, na hapa, mpaka akauzunguka mguu wote.

Siwezi tena kubeba mzigo mzito kushuka mlima. Benedikto hubeba kabichi na maharage, mimi humfuata na fimbo yangu, na tukifika Morogoro yeye hukaa sokoni, nami hupita kwenye nyumba ya wagonjwa kusalimia. Mabruki yupo. Bwana Daktari alihamishwa. Bi Zuhura alipona, mkono umejikunja kidogo, na vitumbua vyake bado vinanunuliwa kabla jua halijawa kali.

Msimu uliopita nilipita pale asubuhi, wakati wa beseni. Barazani sikumjua mgonjwa hata mmoja. Nikasimama kando ya nguzo, sikutaka kuwasumbua. Mwanamke kijana wa Kikaguru alikuwa ameng'ang'ania kigoda, mguu mbele yake, anatetemeka, na mwanamume mmoja wa makamo aliyefungwa kichwa alikuwa anambembeleza.

"Usikaze hivyo, dada. Hapa kulikuwa na mama mmoja wa mlimani, alilazwa zamani, nimehadithiwa tu. Alikuwa na kidonda kama hicho chako. Watu wakimpa pole, alikuwa anasema, 'Anayeumwa ni mguu. Mimi nimeusindikiza tu.'"

Yule mwanamke alimkodolea macho. Kisha akacheka, akautazama mguu wake kama mtu anayemtazama ndugu msumbufu aliyekuja naye, na Mabruki akapata nafasi ya kulowesha kitambaa.

Mimi sikumbuki kama niliwahi kusema hivyo. Nimejaribu kukumbuka nikashindwa. Huenda nilisema siku ya homa, huenda alisema mwingine, na mlimani kuna akina mama wengi. Sikujitambulisha. Nilingoja mpaka walipomaliza kumfunga yule dada, kisha nikaenda sokoni kumwambia mume wangu.

"Anayeumwa ni mguu, mimi nimeusindikiza tu," Benedikto akarudia polepole, kabichi mkononi. Akafikiri. "Hilo ni lako," akasema. "Nimekubeba, nakujua."